Hewa Haina Komeo

Katika mgahawa mmoja wa Ngamiani, Tanga, juu ya kaunta ya malipo pamebandikwa karatasi iliyofunikwa kwa nailoni. Jina la Wi-Fi ni jina la mgahawa. Nywila ni neno "karibu" likifuatiwa na 123. Karatasi ile ina miaka minne sasa. Nimekunywa chai chini yake siku nyingi, nimetuma makala zangu kwa mtandao ule, wala sikuwahi kuitilia maanani mpaka Jumamosi moja fundi wa mitandao alipoketi meza ya jirani, akaisoma kwa sauti, akakiacha kijiko ndani ya kikombe.

Yaliyofuata yalichukua saa mbili nzima. Nayaandika jinsi yalivyosemwa, nikiruka pale tulipokatizwa na wateja. Wasemaji ni Mama mwenye mgahawa, Fundi, na Binti mmoja wa chuo anayekuja kusomea pale kila jioni kwa kuwa bando la wiki humwishia siku ya tatu. Mimi nilikuwa msikilizaji, ingawa sikuweza kunyamaza mpaka mwisho.

FUNDI: Samahani Mama, hili neno la siri limekaa hapa tangu lini?

MAMA: Tangu nilipofungiwa hicho kisanduku. Kwani lina kosa gani? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu akipata mtandao anakaa. Akikaa anaagiza chai ya pili na sambusa. Ukinambia niufunge, ni kama unanambia nifunge na mlango wa mbele.

FUNDI: Sijasema uufunge. Nauliza nani yumo.

MAMA: Si hawa unaowaona?

FUNDI: Waya una mwanzo na mwisho, Mama; anayetaka kuudokoa lazima aufikie. Mawimbi ya redio hayajui ukuta wako unaishia wapi. Yanatoka dirishani, yanavuka barabara, yanaingia kwa jirani. Simu ya kawaida huyanasa kwa makumi ya mita. Mwenye antena ya kuelekeza upande mmoja huyanasa mbali zaidi, naye amekaa zake ndani ya gari, wala humwoni.

BINTI: Kaka, usimtie Mama hofu bure. Hayo ya mtu kukaa nje anasikiliza ni habari za zamani. Mwaka 2010 Eric Butler alitoa kiprogramu cha kuongeza kwenye kivinjari cha Firefox, akakiita Firesheep. Ulikaa mgahawani kama hapa, ukabonyeza, na majina na picha za wenzako walioingia Facebook zikajipanga pembeni ya kioo. Ukibonyeza picha ya mtu umeshaingia kwenye akaunti yake. Iliwezekana kwa sababu tovuti zilisimba nywila tu wakati wa kuingia, baada ya hapo zikazungumza waziwazi. Dunia ilishtuka. Tovuti kubwa zikahamia HTTPS, inayosimba mazungumzo yote, na mwaka 2018 kivinjari cha Chrome kikaanza kuionya kila tovuti isiyosimbwa kuwa si salama. Leo nikifungua benki yangu nikiwa kwenye meza hii, anayesikiliza ataona nimekwenda benki gani, lakini nilichofanya huko hakioni.

FUNDI: Hapo nakupa haki yako. Ni kweli kabisa, na wenzangu wengi hawalisemi hilo kwa sababu hofu inauza. Lakini wewe unazungumzia barua iliyomo ndani ya bahasha. Mimi nazungumzia nyumba nzima ya posta.

Nikiri kwamba mpaka hapo nilikuwa upande wa Binti. Maonyo mengi ya Wi-Fi ya mitaani yamepitwa na wakati, na aliyeonywa kila siku kwa jambo asilolipata mwishowe hasikii hata onyo la kweli. Kwa hiyo nilimwomba Fundi atupe mfano wa posta iliyoingiliwa.

FUNDI: TJX ya Marekani, kampuni yenye maduka ya Marshalls na T.J. Maxx. Mwaka 2005 vijana waliegesha gari karibu na duka la Marshalls wakiwa na kompyuta mpakato na antena. Wi-Fi ya duka ilifungwa kwa kufuli ya zamani iitwayo WEP. Wakaifungua, na kutoka dukani wakapenya mpaka kwenye seva za kampuni, wakawa wanaingia na kutoka karibu mwaka na nusu. Kampuni iligutuka Desemba 2006. Kadi za benki zilizochukuliwa, kwa hesabu ya kampuni yenyewe, zilikuwa milioni 45.7. Kiongozi wa genge, Albert Gonzalez, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 Machi 2010. Na wakati anafanya hayo alikuwa mpasha habari wa kulipwa wa Secret Service, idara ya serikali ya Marekani.

BINTI: Sasa huo si uzembe wa TJX? WEP ilikuwa imeshajulikana kuwa mbovu.

FUNDI: Tangu 2001! Fluhrer, Mantin na Shamir waliandika wazi udhaifu wa usimbaji ule, na programu za kuuvunja zikapatikana bure mwaka huohuo. Mama, unakijua kinyume, kile wasichana wa pwani walichozungumza ili wakubwa wasielewe?

MAMA: Mimi nakijua? Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao. Silabi ya mwisho unaileta mbele.

FUNDI: Basi. Mgeni akikaa nanyi saa moja haambulii kitu. Akikaa wiki, ameshakishika. WEP ilikuwa hivyo. Kila pakiti ya data ilisimbwa kwa ufunguo uleule, ukiongezewa namba ya biti 24 ili pakiti zisifanane. Biti 24 ni namba milioni 16.7 tu. Kwenye mtandao wenye kazi nyingi zinakwisha kwa saa chache, zinaanza kujirudia, na msikilizaji anaanza kulinganisha. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliifungua kwa muda usiofika dakika moja. Na TJX walijua. Kesi ilipofika mahakamani zilitolewa barua pepe za ndani ambamo wakubwa wa idara ya kompyuta walikuwa wakizungumzia kuahirisha gharama ya kubadilisha kufuli ili kuokoa bajeti.

MAMA: Waliokoa fedha zao, wakapoteza za wateja.

Fundi alinyamaza kidogo. Nadhani sentensi ile ndiyo aliyokuwa akiitafuta yeye tangu mwanzo. Nikaongeza kisa changu: Aprili 2018 Uholanzi iliwafukuza maofisa wanne wa ujasusi wa Urusi waliokutwa mjini The Hague, wameegesha gari la kukodi kwenye maegesho ya hoteli iliyopakana na Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, antena ya Wi-Fi imefichwa nyuma ya gari chini ya koti. Umbali wote ule kutoka Moscow, na kazi yenyewe ikahitaji kuegesha karibu na ukuta.

MAMA: Mnanitajia wakubwa tu. Majasusi, kampuni za Marekani. Mimi nina meza kumi na mbili. Nani atafunga safari aje aniibie hesabu ya chapati?

FUNDI: Hesabu zako huenda asizitake, Mama. Anaweza kukitaka kifaa chako. Hiyo kamera hapo juu ulibadilisha nywila yake?

MAMA: Ina nywila?

FUNDI: Mwaka 2016 kilitokea kirusi kiitwacho Mirai. Hakikuvunja usimbaji wowote. Kilibeba orodha ya majina na nywila za kiwandani, jozi 60 hivi, za aina ya "admin" na "admin", kikawa kinabisha hodi kwenye kila kamera na kila ruta, yaani kisanduku kama hicho chako, duniani kikizijaribu moja baada ya nyingine. Palipofunguka, kikakaa. Mwenye kamera hakujua kitu. Picha aliendelea kuziona kama kawaida. Halafu kamera zote hizo zikaamrishwa kwa pamoja kumimina pakiti mahali pamoja. Novemba 2016 aliyemiminiwa alikuwa Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia. Uingereza ikamfunga aliyeamrisha, mwaka 2019. Mtu aliyelipwa kuishambulia kampuni ya simu ya nchi moja ya Afrika alitumia kamera za watu wasiojua hata Liberia iko upande gani.

MAMA: Yaani kamera yangu mimi, hii ya kuangalia wanaokula wakakimbia, inaweza kutumwa kumpiga mtu mawe Liberia?

FUNDI: Inaweza, na wewe usingesikia hata kishindo.

Hapo ndipo sauti ya Mama ilipobadilika. Kuibiwa alikuwa amekwisha kukupigia hesabu, kama mfanyabiashara yeyote. Hili la kutumiwa kumdhuru mtu mwingine lilimkaa vibaya. Aliitazama ile kamera muda mrefu, akamwita kijana wa jikoni aende kaunta, akavuta kiti.

BINTI: Bado nina swali. Kila kufuli mliyotupa, kaka, mlikuja baadaye kutuambia imevunjwa. WEP mmeizika. Mkaleta WPA2 mwaka 2004, mkatuambia tulale usingizi. Oktoba 2017 Vanhoef na Piessens wa KU Leuven, Ubelgiji, wakaonyesha nayo ina ufa. Ikaja WPA3 mwaka 2018. Haikumaliza mwaka mmoja, Vanhoef na mwenzake mwingine wakaikuta na kasoro. Mei 2021 Vanhoef akaonyesha kasoro nyingine, na baadhi zilikuwemo tangu kanuni za kwanza za Wi-Fi za mwaka 1997. Kwa nini basi Mama asiuache wazi tu? Bruce Schneier, bingwa wa usalama wa kompyuta, aliandika mwaka 2008 kwamba Wi-Fi ya nyumbani kwake haina nywila. Aliona ni adabu kwa mgeni na kwa jirani.

FUNDI: Schneier nimemsoma. Aliuacha mtandao wazi kwa sababu alikuwa amezifunga kompyuta zake zenyewe. Mama, ile kompyuta ya hesabu imefungwa?

MAMA: Haina hata neno la kufungulia. Vijana wanapokezana zamu, kila mara wanasahau.

FUNDI: Umeona? Na kuhusu kufuli kuvunjwa, tofauti iko kwenye matengenezo. Ule ufa wa 2017 ulikuwa hivi: simu na ruta husalimiana mara nne kabla ya kuanza mazungumzo. Mshambuliaji huizuia salamu ya nne isifike, ruta ikadhani haikusikika, ikairudia ya tatu; simu nayo ikaanza upya na ufunguo uleule uliokwisha kutumika. Uliwezekana kuzibwa kwa kusasisha programu, na kampuni kubwa zikaziba. WEP haikuwa na kiraka cha kutosha. Kwa hiyo ukiniuliza kufuli gani ni nzuri, mimi nakuuliza kwanza nani anaitunza.

Binti hakujibu mara moja. Alizungusha kikombe, kisha akatoa jambo ambalo, alisema, hajawahi kumweleza mtu zaidi ya dada yake.

BINTI: Mwaka jana nilisafiri kwa mafunzo, nikalala nyumba ya wageni. Usiku nikafungua orodha ya mitandao, nikaona miwili yenye jina la ile nyumba. Nikachagua wenye nguvu. Ukafunguka ukurasa mzuri, una nembo na picha ya jengo, unasema ili kuingia weka barua pepe yako na nywila yake. Nikaweka. Mtandao ukafanya kazi vizuri, nikaangalia filamu, nikalala. Siku ya tatu mama mdogo ananipigia simu analia: amepata ujumbe wangu kwamba nimelazwa, atume fedha kwa namba fulani, na ametuma. Shangazi ametuma. Mwalimu wangu wa sekondari ametuma. HTTPS ilikuwepo, kufuli ilionekana pale juu, na mikono iliyoandika ile nywila ilikuwa yangu.

MAMA: Pole, mwanangu. Pole sana.

BINTI: Mwalimu alikataa nimrudishie. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

FUNDI: Pole, dada. Na huo ndio mchezo unaofanyika sasa. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimshtaki mtu aliyebeba kifaa kidogo cha kurusha Wi-Fi yenye majina bandia kwenye viwanja vya ndege na hata ndani ya ndege. Abiria waliingia, wakapelekwa kwenye ukurasa wa kuomba barua pepe. Simu hukumbuka jina, haikumbuki sura. Ikisikia jina inalolijua na nywila ikakubali, inajiunga yenyewe bila kukuuliza. Sasa itazame karatasi ya Mama: jina lipo, nywila ipo. Yeyote aliyekunywa chai hapa anaweza kukaa ng'ambo ya barabara akarusha mtandao wenye jina hilo na nywila hiyo, na simu za wateja wako zote zikamfuata.

Nilitazama simu yangu. Ilikuwa imeshajiunga kabla sijaketi.

MAMA: Sasa nisikilizeni na mimi. Tangu saa ile mnanihukumu. Mama ana nywila mbovu, Mama hajafunga kompyuta, Mama kamera yake itapiga watu mawe. Hicho kisanduku sikukiokota. Walikuja vijana wa kampuni wamevaa fulana zenye nembo, wakatoboa ukuta, wakafunga, wakanionyesha taa ya kijani, wakachukua fedha. Kila mwezi nalipa. Hakuna aliyeniambia kina mlango wa nyuma. Mtu akikuuzia jiko la gesi linalovuja, na nyumba ikaungua, utamlaumu mpishi?

Fundi aliinamisha kichwa. Nami nasema hapa bila kumung'unya: katika hili nipo na Mama. Miaka mingi tumewaelekezea lawama watumiaji, tukawapa orodha ndefu za mambo ya kufanya, wakati anayeuza kifaa chenye nywila ileile kwa kila mteja anahesabu faida yake na kuondoka. Inawezekana kumzuia. California ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 2020, inayotaka kila kifaa kiwe na nywila yake ya pekee au kimlazimishe mnunuzi kuweka mpya kabla ya kukitumia. Uingereza nayo tangu 29 Aprili 2024 hairuhusu kuuza vifaa vya nyumbani vya kuunganishwa na intaneti vikiwa na nywila moja kwa wote. Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomwadhibu anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili nazithamini. Nataka na aliyetoboa ukuta aulizwe aliacha nini nyuma yake.

FUNDI: Sina la kupinga. Lakini sheria ikiwahi kesho, kisanduku kiko hapo leo. Nipe ruhusa nikifungue.

Mama akaitikia. Fundi akaandika kwenye kivinjari cha simu yake 192.168.1.1, ukurasa ukauliza jina na nywila, akaandika "admin" mara mbili. Ukafunguka. Mama alivuta pumzi kama mtu aliyeona mlango wa chumba chake ukisukumwa kwa kidole.

Kulikuwa na orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa 23. Tukahesabu watu mgahawani, pamoja na vijana wa jikoni: tulikuwa tisa. Kamera moja, kompyuta moja. Vingine vilikuwa wapi?

MAMA: Hiyo hapo, TECNO yenye jina la mtoto, huyo ni wa mpangaji wa juu. Ana watoto watatu wanasoma. Huyo mwache.

FUNDI: Na hizi mbili?

MAMA: Duka la vifaa vya simu hapo ng'ambo. Nilimpa mwenyewe aliposhindwa kulipia wake. Mwache naye.

FUNDI: Na hizi tano?

MAMA: Hizo sizijui.

Fundi akaeleza kwamba ruta nyingi zinaweza kurusha mitandao miwili, na hii mojawapo. Mmoja ni wa wageni, ambamo kila kifaa kinafika kwenye intaneti lakini hakivioni vifaa vingine. Wa pili wa Mama mwenyewe, kwa ajili ya kompyuta na kamera, usiobandikwa ukutani. Mama akauliza swali moja tu: mpangaji wa juu na jirani wa ng'ambo wataendelea kupata? Alipoambiwa ndiyo, akasema fanya.

Ilichukua kama dakika ishirini. Nywila mpya ya ruta Mama aliiandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa mwisho, kwa kuwa daftari lile, alisema, halijawahi kutoka mkononi mwake. Kamera ikapata yake. Kompyuta ikapata neno la kufungulia, na vijana wa zamu wakaapa kulikumbuka. Binti akaandika karatasi mpya ya wageni, na chini yake akaongeza kwa herufi kubwa: HATUKUULIZI NYWILA YA BARUA PEPE WALA YA FACEBOOK. MTANDAO WA HAPA UKIKUULIZA, NJOO KAUNTA.

Lilibaki moja. Fundi alitafuta sasisho la programu ya ruta. Sasisho la mwisho kutoka kwa mtengenezaji lilikuwa la mwaka 2019. Baada ya hapo hakuna. Kifaa kile mtengenezaji amekwisha kukisahau. Kwa hiyo ufa wowote uliogunduliwa baadaye umebaki ndani yake.

MAMA: Hiki kitanunuliwa kingine mwisho wa mwezi. Lakini wale vijana hawakufunga kwangu peke yangu. Siku ileile walifunga kwa fundi cherehani, duka la dawa, na kwa huyu wa simu kabla hajashindwa kulipia. Visanduku vyao vyote ni kama hiki.

FUNDI: Na nywila zake?

MAMA: Nani alizibadilisha?

Binti alikuwa amekwisha kusimama. Aliandika zile namba za anwani kwenye kiganja kwa kalamu ileile ya karatasi ya ukutani, akasubiri bajaji mbili zipite, akavuka kuelekea duka la dawa.